SOMO: Kutengeneza GOS kutoka sukari ya maziwa (usiangalie saa, angalia kijiti)

Nimejibu hili swali mara nyingi mno na kila mara naandika upya, sasa naweka lote hapa. Ukikwama soma tena kabla ya kuuliza.

GOS (galakto-oligosakaridi) ni minyororo mifupi ya sukari, galaktosi kadhaa zimeshikana na mara nyingi mwishoni kuna glukosi moja. Mwili wetu hauzikati, zinashuka mpaka utumbo mpana na huko bifidobakteria (bakteria wazuri wa tumboni) wanazila, ndo maana zinaitwa pribayotiki. Kimeng'enya kinachoziunga ni laktesi, ileile ya kutengenezea maziwa yasiyo na laktosi (sukari ya maziwa, yaani glukosi na galaktosi zilizoungana).

Vifaa: laktosi ya unga ya kuliwa, laktesi ya unga inayotokana na ukungu wa Aspergillus oryzae, asidi ya sitriki, mizani, thamometa, karatasi za pH, na vijiti vya kupimia glukosi kwenye MKOJO, sio vya damu.

1. Laktosi gramu 400, maji gramu 600.

2. Pasha ukikoroga mpaka iwe angavu kabisa, yaliyopotea kwa mvuke rudishia mpaka ifike kilo moja.

3. Asidi ya sitriki chembe kwa chembe mpaka pH 4.5 hivi.

4. Ipoe mpaka nyuzi 50, sufuria ikae ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya joto hilohilo.

5. Laktesi koroga kwenye maji kidogo, mimina.

6. KUISIMAMISHA. Hapa ndo niliharibu. Niliiacha usiku kucha nikiamini muda zaidi ndo GOS zaidi, asubuhi nikaonja tamu sana nikafurahi, kumbe utamu ule ni glukosi na galaktosi, GOS zenyewe zilishakatwa na kimeng'enya kilekile kilichoziunga. GOS zinapanda, zinafika kilele, halafu zinashuka. Kilele kipo pale laktosi inapokuwa imeliwa karibu nusu. Kwa hiyo kila nusu saa chota gramu 5, tia kwenye gramu 95 za maji yanayochemka (kimeng'enya kinakufa papo hapo), acha ipoe, chovya kijiti. Gramu 400 za laktosi zikikatwa zote zinatoa glukosi kama gramu 200, nusu yake ni 100, ukizimua mara 20 inabaki kama gramu 5 kwa lita, yaani rangi ya 500 kwenye kijiti cha mg/dL (miligramu kwa desilita). Ila laktosi inayopokea galaktosi na kuwa GOS haiachii glukosi yake, kwa hiyo simamisha ikikaribia hapo, usingoje ipite. Usiseme ngoja nimalizie chakula kwanza.

7. Chemsha dakika 10, ipoe, friji.

Utakachopata ni shira yenye GOS kama robo ya sukari yote, iliyobaki ni laktosi, glukosi na galaktosi. Mwenye kisukari, mwenye tumbo lisilovumilia laktosi, na mwenye galaktosemia (ugonjwa wa kuzaliwa, mwili hauwezi kutumia galaktosi), hii si yenu. Wengine anzeni na kijiko cha chai, ukizidisha gesi itakusumbua.

MASWALI

kijiko_kimoja: mkuu kwani siwezi kutia laktesi kwenye maziwa tu yakawa GOS

Utapata chache sana. Maziwa yana laktosi kama asilimia 5, nyingine karibu yote maji.

zuhura_k: Samahani naomba kuelewa, maji yanaharibu nini hapo?

Swali zuri dada. Laktesi ikikata laktosi inaachia glukosi, ila galaktosi inabaki imeishikilia, inatafuta wa kumpa. Ikikutana na maji inayapa maji, galaktosi inabaki peke yake. Ikikutana na sukari nyingine inaiunga hapo, na hiyo ndo GOS. Ndo maana tunajaza laktosi mpaka asilimia 40. Na ndo maana baadaye inaharibika, laktosi ikipungua kimeng'enya kinageukia GOS zenyewe.

fundi_jiko: sasa ni masaa mangapi?

Soma hatua ya 6.

fundi_jiko: nimesoma, hujataja masaa

Sijataja kwa makusudi. Nguvu ya laktesi yako siijui, kiasi ulichotia sikijui. Kijiti kinajua.

mama_wawili: Naweza kumwekea mwanangu wa miezi 3 kwenye maziwa yake?

Hapana dada, usimpe kabisa. Ya kwenye maziwa ya kopo imesafishwa na kupimwa kiwandani, hii ya jikoni haijapimwa. Muulize daktari wake.

chembe_ndogo: Nina laktesi ya matone, inafaa?

Mara nyingi hiyo inatoka kwenye chachu ya Kluyveromyces lactis, inataka pH 6.5 mpaka 7 na nyuzi 40 hivi, kwa hiyo asidi usitie. Laktosi shusha mpaka asilimia 30 maana kwenye joto hilo ya asilimia 40 inaweza kuganda, na rangi unayoitafuta itashuka kidogo, kati ya 250 na 500.

zuhura_k: Na ile glukosi iliyobaki, hakuna namna ya kuitoa?

Ipo! Hamira ya mkate. Inakula glukosi, galaktosi inaifuata polepole, laktosi na GOS haizigusi kwa sababu haina laktesi. Zimua shira kwa maji mara mbili, nyuzi 30, kifuniko kilegee gesi itoke, kijiti kikionyesha glukosi imeisha chemsha tena. Itakuwa na harufu ya pombe kidogo.

chembe_ndogo: Yangu ya friji imefanya mchanga mchanga chini

Hiyo ni laktosi iliyobaki inaganda. Usiiyeyushe, chuja kwa kitambaa ikiwa bado ya baridi, shira inabaki na laktosi kidogo zaidi, na huo mchanga uanike utumie tena raundi ijayo.