Kudai fidia mgeni anapoharibu mali katika nyumba ya kupangisha kwa siku

Mgeni aliyelala siku mbili katika nyumba ninayopangisha Entebbe, Uganda, aliweka pasi ya moto juu ya meza ya mvule, akaifunika alama kwa kitambaa, akaondoka alfajiri kuwahi ndege. Dada anayenisafishia, kwa nia njema kabisa, aliisugua meza kwa msasa kabla sijafika. Dai langu lilikataliwa, na kwa haki, kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha isipokuwa ubao uliokwaruzwa.

Kwa hiyo anza na anayesafisha. Akikuta kitu kimevunjika, kimechafuka au hakipo, asikiguse wala kukihamisha, bali akujulishe papo hapo. Zipigwe picha tatu: ya kwanza kutoka mlangoni ikionyesha chumba kizima, ya pili ya kitu chenyewe, na ya tatu ya karibu, sarafu ya shilingi 500 ikiwa kando ya alama ili ukubwa wake uonekane. Picha hizo zina nguvu tu zikilinganishwa na nyingine zilizopigwa mahali pale pale kabla mgeni huyo hajaingia. Za mwaka jana hazitoshi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na saa zilizohifadhiwa ndani yake, basi mwombe aitume kama dokumenti na asiifute kwenye simu yake. Usitafute ushahidi kwa kamera ya ndani, kwani Airbnb, kampuni ya mtandaoni inayounganisha wageni na wenye nyumba, ilizipiga marufuku kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni.

Kabla ya kudai, jiulize kama kweli ni mgeni aliyeharibu. Godoro lililobonyea kwa miaka ni uchakavu wa kawaida, na televisheni iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu haina mkosaji katika orodha ya wageni wako, hasa ikiwa hukuweka kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaoruka. Dai la namna hiyo hukupotezea imani ya watu wakati utakapokuwa na dai la kweli.

Bei nayo iwe ya haki. Kinachoweza kutengenezwa kidaiwe gharama ya matengenezo, na meza ya miaka sita isidaiwe bei ya meza mpya. Fundi seremala wa mtaani Ndeeba, Kampala, huenda hana risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda), lakini anaweza kuandika makadirio yenye jina lake, simu, tarehe, aina ya mbao, na gharama ya vifaa ikiwa mbali na ya kazi, kisha akatia sahihi.

Mwandikie mgeni ndani ya programu mliyotumia kufanya booking, si kwa simu, kwa maneno ya upole: “Asante kwa kukaa kwetu. Baada ya kuondoka kwako leo asubuhi tumekuta alama ya kuungua juu ya meza ya kulia chakula. Picha na makadirio ya fundi ni hizi. Tafadhali tueleze kilichotokea.” Wengi hukiri na kulipa wakiulizwa hivyo. Usimtishe kwamba utamwandikia tathmini mbaya, kwa sababu tishio hilo lenyewe ni kosa.

Kwenye Airbnb, dai huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Mgeni hupewa saa 24 kujibu, na akikataa, akinyamaza au akilipa nusu, unawaomba wahudumu wa kampuni waingilie kabla siku 30 hazijapita tangu uharibifu utokee. Mimi huwasilisha ndani ya siku mbili, wakati kila mtu bado anakumbuka.

Mgeni aliyekuja moja kwa moja na kulipa kwa Mobile Money hana kampuni ya kusuluhisha. Huyo mchukulie amana mapema, kwa maandishi yanayotaja itakatwa kwa lipi na itarudishwa lini. Uharibifu ukizidi amana naye akakiri, mwombe atie sahihi karatasi inayotaja kiasi anachodaiwa na siku ya kulipa. Karatasi hiyo hugeuza ugomvi kuwa deni, na deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hauhitaji wakili.