Jinsi ya kuomba ukaguzi wa mabomba ya gesi nyumbani

Kama unasikia harufu ya gesi sasa hivi, achana na fomu. Usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Funga koki kuu ya kwenye mita ikiwa iko karibu, toka nje na wote waliomo, upige simu ya dharura ukiwa mbali na nyumba. Ninachoeleza hapa ni ukaguzi wa kawaida, ule tunaousahau mpaka yatufike.

Anzia kwenye mita. Mara nyingi bomba linalotoka barabarani hadi kwenye mita ni la kampuni inayosambaza gesi, na kuanzia hapo kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Mpaka huo utaukuta kwenye mkataba wako. Usome kwanza, maana ombi likipelekwa kusikohusika hurudi na siku zimeshapita. Weka tayari namba ya mita, cheti cha ukaguzi uliopita, na ridhaa ya mwenye nyumba kama wewe ni mpangaji.

Kwenye fomu, tulia sehemu ya maelezo. "Bomba bovu" halimsaidii mtu. Andika bomba linapita wapi, ni la chuma au plastiki, limefukiwa au liko wazi, na umeona nini. Moto wa jiko ukigeuka wa njano na kuacha masizi, liandike hilo: gesi haiungui vizuri, na hapo ndipo hutokea monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu.

Kisha omba, kwa maandishi, upimaji wa presha. Pua haitoshi. Gesi asilia yenyewe hainuki, harufu huongezwa. Mwaka 1937 gesi isiyotiwa harufu ililipua shule ya New London, Texas, ikaua karibu watu 300, ndipo jimbo hilo likapitisha sheria ya kuitia harufu. Hata hivyo pua huizoea.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe. Fundi atafunga koki, ataunganisha geji na kusubiri. Tazama naye mshale: ukishuka, pana mahali panavuja, hata kama hamsikii kitu. Atapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, na pale penye tundu utaona vipovu vikivimba kimoja baada ya kingine. Usimharakishe.

Cheti kiwe na tarehe, namba ya mita, namba ya leseni ya fundi, na presha ya mwanzo na ya mwisho wa kipimo. Presha isipoandikwa, usisaini. Mrudishie aijaze palepale.