Somo: Gereji ndogo na sheria ya mazingira (anza na uwanja, karatasi zifuate)

Somo hili ni la vikundi vya mafundi magari hapa Tanzania, wale watano hadi kumi na tano wanaochangia uwanja mmoja na bomba moja la maji. Vikundi vingi vikisikia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, vinakimbilia kutafuta fomu. Lakini mkaguzi akifika hutazama kwanza ardhi chini ya magari, kisha mtaro, ndipo aombe daftari. Uwanja ukiwa mbaya, hakuna karatasi itakayowasaidia.

Hatua ya 1: Fuata maji kwa miguu

Chukua karatasi moja, chora uwanja. Onyesha oili inapomwagwa, injini zinapooshwa, betri zinapokaa, maji ya mvua yanapoingilia na yanapotokea. Kisha mwaga ndoo mbili za maji sehemu ya kuoshea, uyafuate mpaka yanapoishia. Yakiishia kwenye mtaro wa barabara, hilo ndilo tatizo lenu la kwanza. Mtaro wa mvua haupiti kwenye mabwawa ya majitaka. Kwa Dar, maji ya mitaro ya Jangwani na Kigogo yanaingia Mto Msimbazi jinsi yalivyo, na kutoka hapo ni baharini.

Hatua ya 2: Oili chafu

Pipa la lita 210, lenye mfuniko unaofunga, likae juu ya mbao, chini ya paa, ndani ya beseni la zege. Kanuni ya makadirio ni kwamba beseni libebe asilimia 110 ya pipa kubwa kuliko yote, yaani lita 231. Kwa mapipa mawili, beseni la ndani mita 1.5 kwa 1.2, kina sentimita 20, linatosha: ujazo wake ni lita 360, na hata ukitoa nafasi inayochukuliwa na pipa la pili bado zinabaki zaidi ya 300. Piga plasta ya saruji ndani. Msiweke tundu la kutolea maji chini, maana siku pipa litakapopasuka tundu hilo litakuwa wazi.

Andika kwenye pipa kwa rangi: OILI CHAFU TU. Petroli, thina, na hata maji ya rejeta yasiingie humo. Petroli inaligeuza pipa kuwa hatari ya moto, na mchukuaji, yaani mwenye kibali cha kukusanya oili chafu, akinusa thina ana haki ya kulikataa lote.

Hatua ya 3: Filta, betri, matambara

Filta itobolewe upande wa juu ikiwa bado ya moto, igeuzwe juu ya chujio na kuachwa ichuruzike saa 12. Ukiitupa mara tu baada ya kuifungua, unatupa na oili iliyomo.

Betri zisimame wima juu ya mbao, chini ya paa. Kamwe msimwage maji yake ili zipungue uzito: ile ni asidi ya salfa iliyobeba madini ya risasi, na risasi ikishaingia kwenye udongo haiozi. Wekeni mfuko wa magadi soda karibu. Asidi ikimwagika, nyunyiza mpaka povu liishe, halafu zoa.

Matambara yenye oili yawekwe kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko. Yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Hatua ya 4: Chemba ya kutenganisha oili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Oili huelea maji yakitulia, na yanahitaji muda wa kutulia. Mipira miwili ya kuoshea inayotoa lita 15 kwa dakika kila mmoja ni lita 30. Ukitaka maji yakae dakika 45, unahitaji ujazo wa lita 1,350. Jenga chemba ya ndani urefu sentimita 190, upana 80, kina cha maji mita 1: ni kama lita 1,500. Igawe vyumba vitatu. Cha kwanza, cha mchanga na tope, kichukue nusu ya urefu. Viwili vinavyobaki vigawane nusu nyingine.

Maji yapite kutoka chumba hadi chumba kwa bomba la inchi 4 lenye tii (kiungio chenye umbo la herufi T). Mguu wa chini wa tii uishie sentimita 30 kutoka sakafuni, ili yapite maji ya katikati, wala si oili ya juu wala tope la chini. Mguu wa juu uachwe wazi, utokeze sentimita 15 juu ya maji. Fundi bomba akiweka kona badala ya tii atakuwa ameokoa shilingi chache, lakini bomba likiziba hamna pa kuzibulia, na linaweza kuvuta maji yote kama mpira wa kunyonyea petroli.

Kabla ya kuanza kutumia, ijazeni maji safi hadi kimo chake. Chemba ikiwa tupu, oili ya siku ya kwanza inapita chini ya tii na kutoka nje.

Sasa mvua. Uwanja wa mita 10 kwa 20 ukipigwa na mvua ya milimita 40 kwa saa unakusanya lita 8,000, yaani lita 133 kwa dakika, mara nne na zaidi ya uwezo wa chemba. Oili yote mliyoikusanya mwezi mzima inasombwa alasiri moja. Kwa hiyo ezekeni sehemu ya kuoshea peke yake, izungusheni tuta la zege la sentimita 10, na maji ya paa yapewe mfereji wake.

Oili ikifika unene wa sentimita 5, ichoteni mpeleke kwenye pipa. Tope likifika sentimita 25, zoeni. Tope hilo nalo ni taka hatarishi, lisimwagwe dampo.

Hatua ya 5: Daftari

Safu tano: tarehe, kitu gani, kiasi, amechukua nani, sahihi. Ambatisha stakabadhi ya kila mchukuaji pamoja na nakala ya kibali chake. Hesabu lazima zikubaliane: magari madogo 60 kwa mwezi, lita 4 kila moja, ni lita 240. Baadhi inaungua na nyingine inabaki kwenye filta, lakini daftari likionyesha lita 90, mtaulizwa nyingine iko wapi.

Hatua ya 6: Karatasi

Sheria mama ni ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005, zilizorekebishwa 2018, zimeigawa miradi katika makundi A, B1, B2 na miradi maalumu. Msijipangie kundi wenyewe. Pelekeni ule mchoro wa hatua ya 1 kwa afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya kanda ya NEMC, muulize kwa maandishi. Gereji mpya hufanyiwa tathmini kabla ya kujenga. Iliyokwishaanza huingia kwa njia ya ukaguzi wa mazingira. Mtaalamu wa kuandaa ripoti lazima awe amesajiliwa, mwombeni cheti chake kabla ya malipo ya awali. Usajili wa OSHA, ule wa usalama na afya kazini, ni jambo jingine, msiuchanganye na huu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sisi tuko wanane chini ya mwembe, uwanja wa kukodi. Inatuhusu kweli?

Jibu: Inawahusu, mkuu. Sheria inamfuata anayechafua, awe amepanga au anamiliki. Kama hamuwezi kujenga, msioshe injini hapo, na oili imwageni juu ya sinia la bati. Hatua ya 2, 3 na 5 hazihitaji hati ya kiwanja. Mwenye eneo naye aandike barua ya kukubali beseni la zege.

Swali: Oili chafu tunawauzia wapaka mbao, inazuia mchwa. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Oili iliyotumika hubeba vyuma vizito vya injini. Mbao hizo zinaishia kwenye banda la kuku au paa linalokinga maji ya kunywa. Tena mnunuzi wa dumu hana kibali, kwa hiyo daftari lenu linakatikia kwake.

Swali: Chemba tumejenga kama mlivyosema, lakini maji yanatoka meupe kama maziwa.

Jibu: Ni sabuni kali ya kuondolea grisi. Inaikata oili vipande vidogo mno, haielei tena. Kiwango cha juu cha oili na grisi kwenye maji yanayotolewa nje ni miligramu 10 kwa lita. Kwa chemba yenu nzima ni gramu 15, kama kijiko kimoja cha chakula. Kwangueni grisi kwa kisu na brashi kwanza, futeni kwa tambara, sabuni iwe ya mwisho na kidogo.

Swali: Wamekuja watu wawili, wamesema faini ilipwe hapohapo. Tufanyeje?

Jibu: Ombeni vitambulisho na mnakili majina. Ombeni kosa liandikwe: nini, wapi, kifungu gani. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo, ile kontroli namba, kwenye benki au simu, na stakabadhi inatoka. Taslimu mkononi msitoe. Kama kosa lipo kweli, piga picha mahali penyewe leo, rekebisheni, piga tena, na mpeleke picha zote mbili na barua ofisini ndani ya muda mliopewa.