Bafu linanuka na linalia gulu gulu? Angalia hewa kabla ununue dawa

Ukiflash choo halafu usikie maji ya pale sakafuni kwa bafu yanalia gulu gulu, na dakika mbili baadaye harufu inapanda ata kama umetoka kupiga deki saa hiyo hiyo, wacha kwanza kununua dawa. Nimefanya kazi ya mabomba hapa Kisumu miaka mingi na bafu nyingi za aina hiyo nilizoitwa kurekebisha hazikuwa na uchafu wa maana kwa paipu, shida ilikuwa hewa. Ama paipu ya hewa haikuwekwa kabisa ama iliwekwa ikaishia pahali haifai.

Iko hivi. Kila tundu la kutoa maji linafaa kuwa na trapu, ile kona iliyopinda chini ya sinki ama chini ya sakafu, ambayo inabakisha maji ya kina cha kama milimita 50 mpaka 75, na hayo maji kidogo ndio mlango unaozuia gesi ya septiki isiingie ndani. Sasa choo kikiflashiwa maji yanateremka kwa nguvu ndani ya paipu ya inchi 4, yanasukuma hewa mbele, na nyuma yake yanaacha pengo, na hilo pengo lazima lijae. Kama hakuna paipu imetoka juu ya nyumba kuleta hewa, laini inavuta kupitia trapu iliyo karibu, inakunywa maji yake yote, na mlango unabaki wazi.

Kuna mama mmoja hapo Mamboleo aliniita akaniambia, "Fundi, hapa nimemwaga kila dawa na bado watoto wanaumwa na kichwa." Nikamulika tochi kwa trapu ya sakafuni, maji yametulia, nikamwomba aflash. Yale maji yakashuka mara moja kama yamevutwa na mdomo, yakaruka, yakashuka tena, yalipotulia kulikuwa kumebaki kama kijiko kimoja tu. Nikapanda kwa silingi. Paipu ya hewa nikaipata imesimama wima vizuri kabisa, imekatwa futi moja juu ya mbao, mdomo wake umezibwa na karatasi ya mfuko wa simiti, imekauka ikawa ngumu kama gome la mti. Waliijenga mpaka hapo wakingoja mabati, mabati yakaja, hakuna mtu alirudi kuimalizia. Na usidhani kutoa hiyo karatasi peke yake ingesaidia, juu hapo gesi ingejaa kwa silingi na kushukia watu wamelala.

Kabla uvunje taili yoyote, pima. Mwaga maji kwa kila trapu mpaka zijae, halafu usiguse kitu. Harufu ikiisha na irudi tu mtu akiflash, hiyo ni hewa. Ikirudi baada ya wiki kadhaa kwa bafu la wageni ambalo halitumiki, maji yalikauka tu na joto letu hili, mwaga mengine. Isipoisha kabisa, kuna joint inavuja ama kuna tundu halina trapu, na hapo angalia chini ya sinki kwanza juu mara nyingi wameweka ile paipu ya kujikunja-kunja wakaivuta ikanyooka, kona hakuna. Ipinde upya uifunge na waya ibaki na kona, ama afadhali ununue trapu ya chupa.

Ukifungua menholi usiwashe kiberiti kuangalia ndani, kuna gesi inayoshika moto, na septiki usiingie ata kama ni kuokota spana iliyoanguka. Ile gesi inaua mtu mzima kwa muda mfupi, na anayeshuka kumwokoa pia anabaki huko. Tafadhali sana kwa hiyo.

Paipu ya hewa yenyewe si kazi kubwa. Ile iliyo pale mwisho wa laini ya choo iendeleze juu na inchi 4 ile ile, usiipunguze, usiunganishe na gata, ipitishe kwa mabati na uzibe kando vizuri mvua isiingie, na kama kuna dirisha ndani ya mita 3 basi mdomo upite juu ya hilo dirisha kwa sentimita 90 hivi. Juu weka kofia yenye wavu, mbu wa hapa unawajua. Sinki na shawa zikiwa mbali na hiyo laini zinataka hewa yao. Paipu ya maji machafu ya inchi moja na robo isizidi kama mita 1.7 kutoka trapu mpaka pale inapopata hewa, ya inchi moja na nusu mita 3, ya inchi 2 mita 4, na hewa ya tawi, yaani ile paipu ya hewa ya sinki ama shawa, ishikwe kwa mgongo wa paipu ya maji, si kwa ubavu ama chini, la sivyo inajaa maji machafu na kuziba.

Halafu mteremko. Kwa kila mita moja paipu ishuke sentimita 2 mpaka 2.5, na usitumie macho. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze, shika ncha moja huku na nyingine kule, weka alama, ndio uhesabu. Ukiiteremsha kwa nguvu sana kwa paipu ndogo inavuta maji ya trapu tena, na ikilala ama irudi nyuma uchafu unakaa hapo. Udongo mweusi wa upande huu unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, kwa hivyo paipu ukiilaza juu yake bila mchanga chini na kando, baada ya misimu kadhaa inaweza kupata tumbo katikati. Nimefukua kadhaa, unakuta tumbo limejaa mafuta na nywele mpaka nusu.

Kona za digrii 90 chini ya ardhi epuka, weka bendi mbili za 45. Ukikata na hakso lainisha ncha, ondoa vile vinyuzi, pangusa, paka gundi pande zote mbili, sukuma ukizungusha robo, shika kama nusu dakika.

Na usifunike siku hiyo hiyo juu ya haraka. Gundi ikishika, ziba chini, jaza laini maji mpaka juu, weka alama na kalamu kwa paipu, ngoja nusu saa. Yule mama wa Mamboleo alikaa kwa ndoo akiangalia hiyo alama na mimi, haikusonga, tukaflash mara tatu mfululizo na maji ya sakafuni yakatikisika kidogo tu yakabaki. Ndio nikachanganya simiti.