Namna ya Kulitambua Ua la Mudani kwenye Sahani Kongwe za Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na katika zile za Pemba ambazo wenyewe hawajauza vyombo vya wazee wao, bado zimo sahani na bakuli za kaure zilizokuwa zikipangwa kwenye vidaka vya ukutani, na mara nyingi katikati ya chombo pana ua kubwa lililojaa petali ambalo sisi sote tumezoea kuliita waridi. Chombo kikiwa kimetoka China, ua hilo aghalabu ni mudani, yaani pioni ya mti, na mwenye kujifunza kulitambua huanza kuiona sahani ya bibi yake kwa jicho jingine kabisa.

Kabla ya kuliangalia ua, kipindue chombo. Vyombo vingi tunavyoviita vya Kichina vilitengenezwa Ulaya katika karne ya 19, vikiwemo vya viwanda vya Maastricht, Uholanzi, na huwa vimepigwa muhuri wenye jina la kiwanda kwa herufi za Kizungu. Hivyo navyo vina thamani yake, lakini usitafute mudani humo. Katika chombo cha China, pete ya kitako kwa kawaida imeachwa bila kupakwa ile ngozi inayong'aa kama kioo, ukiipitishia kidole huparuza, na wakati mwingine chembe za mchanga wa tanuri zimeganda hapo hapo. Kisha kinyanyue mbele ya dirisha na uweke vidole nyuma yake: kaure nyembamba hupitisha mwanga na kivuli cha vidole huonekana. Kipimo hiki hakifai kwa vyombo vizito vya kijani vya Longquan, mji wa wafinyanzi huko China, ambavyo ni vya Kichina bila shaka lakini udongo wake ni mnene na wa kijivu.

Sasa tazama jani, si ua. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mchoraji aliweza kulipamba ua apendavyo, lakini jani alilichora kama alivyolijua. Jani la mudani ni pana na limegawika ncha tatu, mithili ya unyayo wa bata. Yungiyungi la kwenye kaure hupewa vijani vidogo vyenye miiba kama ndimi za moto, na petali zake huishia kwa ncha kali. Krisanthemi ina petali nyembamba zilizopangwa duara kama miale ya jua. Petali za mudani, kwa upande wake, zina kingo za mawimbi, na zinasongamana kuelekea katikati. Ikiwa mchoro unaonesha pia tawi lenye gome, kavu na lenye mafundo, basi umepata uhakika zaidi, kwani ndugu yake mudani, pioni ya majani, ana mashina laini ya kijani yanayokufa kila mwaka.

Sahani ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa ikiteremshwa kidakani kila mwezi wa Shaabani ili ioshwe, na mtoto akiugua ndiyo iliyoandikiwa kombe kwa zafarani, kwa hiyo samawati yake niliijua kwanza ikiwa chini ya mistari ya manjano. Upande wa kulia wa ua pana jani moja ambalo rangi yake imekusanyika kwenye mkunjo ikawa karibu nyeusi, na zile ncha tatu zinaonekana wazi kama zilizokatwa kwa mkasi. Nimeishika sahani hiyo miaka mingi nikiamini ni waridi.

Wachina walianza kulienzi ua hili hasa katika zama za Tang, kati ya mwaka 618 na 907, katika miji ya Chang'an na Luoyang. Mwaka 1034 mwanachuoni Ouyang Xiu aliandika habari za mudani za Luoyang, akaeleza aina 24, na akataja kwamba watu wa mji ule hawakuwa na haja ya kulitaja ua hilo kwa jina lake: walisema "ua" tu, na kila mtu akafahamu. Aina mbili mashuhuri zilibeba majina ya nyumba zilikotoka, Manjano ya Yao na Zambarau ya Wei, na majina hayo yanatumika mpaka leo. Mbegu ya mudani haizai mmea unaofanana na mama yake, kwa hiyo aina kongwe huhifadhiwa kwa kupandikiza kijiti kwenye mzizi wa mmea mwingine, kizazi baada ya kizazi. Katika sanaa ua hili humaanisha utajiri na heshima; likichorwa ndani ya chombo cha maua huongezewa maana ya amani, kwa sababu neno la Kichina la chombo hicho hutamkwa sawa na neno la amani. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kaure wa China, walilichora kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya samawati, iliyotoka Uajemi katika karne ya 14, na kaure zao zikavuka bahari kwa pepo zile zile za msimu tunazozijua.

Msomaji atakayetamani kuupanda mmea wenyewe Unguja au Pemba namwomba asijaribu. Mudani huhitaji wiki nyingi za baridi kali ili tumba lijiandae, na kwetu hata Julai usiku hauna baridi ya namna hiyo. Niliwahi kununua mizizi miwili kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba itachanua. Ilitoa majani, haikutoa tumba hata moja, na mwaka wa pili ikaoza kwa mvua za masika. Mwenye kijana anayesoma China amwombe aende Luoyang mwezi wa Aprili, ampigie picha za jani kwa karibu.

Kuhusu utunzaji, pitisha kidole juu ya mchoro. Samawati iliyo chini ya ngozi ya kioo haiguswi, lakini rangi za waridi na kijani zinazoinuka kidogo chini ya kidole zilipakwa juu na kuchomwa kwa moto mdogo, na hizo hufutika. Osha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo. Usitumie steelwaya wala dawa ya kung'arishia nguo. Sahani yenye ufa isitundikwe kwa waya, ilazwe kidakani.

Vigae utakavyoviona kwenye mahame viache vilipo. Unguja Ukuu vimepatikana vigae vya zama za Tang, na thamani ya kigae kwa mtafiti ni pale pale kilipolala. Ukiona chenye jani la ncha tatu, kipige picha bila kukiinua, kisha uwaarifu watu wa mambo ya kale.