Baada ya Nyaya Kutolewa Mkononi: Nilivyorudi Kushika Nyundo

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ametolewa juzi nyaya zilizoshikilia mifupa ya kifundo cha mkono baada ya kupasuliwa. Aliteleza mnazini, kale kamfupa ka kifundo kenye umbo la mwezi mwandamo kakaachana na wenzake, kama kangu nilipoanguka na baiskeli. Kila jioni anakuja barazani tufanye mazoezi, nikaona niyaandike.

Hatua ya 1: Vidole. Vikunje na uvinyooshe tangu ukiwa na hogo (plasta ngumu), mkono juu. Basi.

Hatua ya 2: Kovu. Likishafunga vizuri, lisugue kwa mafuta ya nazi. Krimu za dukani sizitaki.

Hatua ya 3: Kukunja kifundo. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima nzima. Nyaya zilitoka wiki ya 10 baada ya upasuaji, mkono mkavu kama mpini, nikamwambia mdogo wangu auvute. Usiku ukavimba, nikaanza upya. Asikuvute mtu! Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, kisha laza kigasha mezani, kiganja kikining'inia ukingoni, ufanye mwendo wa kupiga nyundo: ukipanda, elekea upande wa gumba, ukishuka, upande wa kidole cha mwisho. Mwendo huo wa mshazari hauzisumbui sana kano zilizoshonwa, zile zinazofunga mfupa na mfupa, tofauti na kukunja juu-chini moja kwa moja. Mkono uwe mtupu, nyundo bado. Na umuulize kwanza aliyekupasua, maana kama mfupa nao ulivunjika, ratiba ni nyingine. Kipimo changu: ukiamka bado umevimba, jana ulizidisha, punguza nusu. Ganzi ikishika gumba, shahada na kidole cha kati, au mkono ukabadilika rangi, ukatoka jasho na kuuma kupita kiasi, usingoje siku ya kliniki.

Hatua ya 4: Sijida. Hili sikuambiwa na mtu. Kuinuka kwa kuegemea kiganja kulinichoma kila alfajiri mpaka nikahamia kwenye kiti. Mgonjwa ana ruhusa, itumie.

Hatua ya 5: Nguvu, daktari akisharuhusu. Anza kwa kukamua kitambaa kilicholowa, halafu kukuna nazi, na kusonga ugali mwisho kabisa. Nyundo niliishika mwezi wa 7 tangu nipasuliwe. Mpaka leo kifundo hakikunji sawa na cha pili, na nikipiga randa kutwa hunikumbusha usiku.

Jirani anauliza lini atapanda mnazi. Kwa sasa hata ndoo ya maji simruhusu.