Kabla hujampelekea fundi kitambaa cha baibui

Kwanza nikuulize: nguo ni ya nani? Usicheke. Mteja akiingia kwangu Buguruni na kitambaa kwenye mfuko, swali langu la kwanza ni hilo, hata futi sijaishika. Nina miaka 22 kwenye cherehani. Nimeshona mabaibui, madera, sare za kwaya na magauni ya kipaimara, na nguo zilizonirudia zilirudi kwa sababu mbili tu. Ama nilikata vibaya, ama nilimsikiliza aliyelipa nikamsahau atakayevaa. Kukata vibaya kuna dawa.

Nazungumzia zaidi baibui kwa kuwa ndilo ninaloshona kila siku. Ila dada yangu mlokole anayetaka gauni la ibada lisilompa wasiwasi akipiga magoti, soma tu. Mambo ni yaleyale.

Kitambaa

Usinunue jina. Kariakoo watakutajia nida, krepu, koshibo, jojeti, na ukivuka barabara jina lilelile ni kitambaa kingine kabisa. Omba utoke nacho mlangoni, kwenye jua. Ingiza mkono chini yake. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, kitataka bitana au gagulo, na kwa joto la Dar mwezi wa pili safu mbili za nguo ni adhabu. Halafu kifinyange kiganjani, hesabu mpaka kumi, kiachie. Kikibaki na makunyanzi, ndivyo utakavyoshuka nacho kwenye daladala. Mwisho kisugue mkononi mara tano sita. Kikianza kugandia ngozi na kuvuta vinyweleo, kitafanya hivyo hivyo mapajani ukitembea, na baibui linalogandia mapaja linachora mwili kuliko suruali. Hapo hata ulipanue vipi, tatizo ni nailoni.

Kitambaa cha upana wa inchi 60, kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, mita 3 zinatosha, 3 na nusu ukitaka na mtandio wake. Cha inchi 45 chukua 4 na nusu. Usibane nusu mita ukaone umeokoa nauli, maana hiyo ndiyo inayotoa taharizi, vile vipande vya ubavuni, na bila taharizi utatembea kama umefungwa kamba.

Rangi chagua mwenyewe. Suratun-Nur aya ya 31 inazungumzia shungi ziteremke mpaka vifuani, rangi haikutaja. (Aya ya 30, iliyotangulia, inaanza na wanaume, wainamishe macho yao. Hiyo huwa hainiletei wateja.) Na wale wa Timotheo wa kwanza, sura ya 2, msitari wa 9: mimi si mchungaji, lakini nimeusoma, na sikuona inchi za sketi. Nimeona kujisitiri, kisha dhahabu, lulu na nguo za thamani.

Namtuma mama uzi

Akija binti na mama yake, au shangazi, anayeongea sana ni yule asiyevaa. "Fundi, mikono ifike hapa, hapa usimbane, shingo ipandishe." Binti anaangalia simu. Sigombani na mtu. Nasema, "Mama, samahani, uzi wa rangi hii umeniishia. Nisaidie hapo duka la pili, wewe ndiye unayeijua rangi unayoitaka." Mama anaondoka. Nina kama dakika saba.

Simuulizi binti kama anataka kuvaa au hataki. Hawezi kukujibu hilo, mama yake yuko duka la pili. Namuuliza hivi: "Mdogo wangu, ungekuwa na mkasi peke yako chumbani, ungeanza kurekebisha wapi?" Hapo ndipo maneno hutoka. Wengi hawana ugomvi na stara. Mmoja mikono inamwingia kwenye mchuzi. Mwingine anaona anafanana na bibi yake. Mwingine anataka mfuko. Mfuko! Nimeona mama na binti wamenuniana tangu nyumbani, wakapatana kwenye kibanda changu kwa mfuko wa simu na kitambaa cha bluu bahari.

Wapo na wanaoniambia wazi kwamba hawataki kabisa. Huyo simwambii amdanganye mama yake, wala simuahidi mama kwamba nitamshawishi mwanawe. Mama akirudi na uzi namwambia, "Mama, kaeni kwanza nyumbani mzungumze, kitambaa hakiozi." Kazi nyingine nimezikosa hivyo.

Mchezo huu wa uzi sikuzaliwa nao. Mwaka 2014 baba mmoja alimleta binti yake aliyemaliza kidato cha nne, anaanza kozi ya kompyuta mjini. Baba akalipa, baba akaelekeza, nami nikaandika. Nilishona baibui zuri, ila uzi mweusi uliniishia kweli, pindo la ndani nikalipiga kwa kijani. Wiki ya pili binti akapita saa moja kasoro asubuhi. "Shikamoo dada. Naomba nikuachie mfuko." Ndani ya mfuko mlikuwa na baibui. Yeye kabaki na sketi ya magotini na blauzi. Jioni akapita, akalivaa, akaenda kwao. Ikawa hivyo miezi minne, baibui linaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani yangu mchana kutwa. Nilikuwa nalitazama nikishona. Mimi mwenyewe najifunika, na sikujua nafanya hisani au nashiriki uongo.

Siku moja baba akaja na suruali ya kupunguza. Akasimama, akaliona. Akalishika pindo, akalipindua, akauona uzi wa kijani. "Hili la nani?" Nikamwambia la mteja. Akalipia suruali, hakungoja chenji. Jioni ile binti alilichukua na hakuniachia tena kitu. Walivyomalizana sijui. Tangu hapo ndipo uzi ukaanza kuniishia kila akija binti na mzazi.

Na usidhani ni upande mmoja tu. Nimemshonea dada wa ofisini aliyeamua kuvaa nikabu, mama yake mzazi akanifuata kunisihi nisiifanye kazi ile, kwamba mwanawe atakosa mchumba na kazi. Nilimpa mama kiti na maji, na nikabu nikaimaliza. Wala waume sijawasahau. Alikuja mmoja na kamba yenye mafundo mawili, fundo moja begani kwa mkewe, jingine kisiginoni, nimshonee baibui la kumshtukiza. Nilimrudishia kamba yake, nikamwambia mwenye bega aje.

Mkiniuliza mimi, naamini kujifunika ni faradhi, na nilianza mwenyewe nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Lakini sala nayo ni faradhi, na anayesaliwa na wenzake ni maiti.

Amri za nguo hazikuletwa na watu wa dini peke yao. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, kwenye Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, nguo za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Mama yangu alikuwa msichana Ilala. Anasema dada yake alikesha na wembe akifumua mapindo ya sketi zake mbili ziongezeke urefu, na mstari wa pindo la zamani ukabaki unaonekana, kila mtu akajua ilikuwa inaishia wapi. Na Unguja zamani ilikuwa kinyume. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kichwa mbele ya mabwana zake. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka humo wakajifunika, na kwao ushungi ulikuwa ndio uungwana wenyewe. Kwa hiyo mteja akinihubiria kwamba kujifunika ni utumwa, namsimulia ya Unguja. Akinihubiria kwamba mwanamke huhifadhiwa kwa amri, namsimulia wembe wa mama mkubwa.

Kupima

Njoo na viatu utakavyovalia na sidiria ya kila siku. Yale mabaibui ya Dubai yenye namba 54, 56, 58, namba ile ni inchi za urefu kutoka begani mpaka chini, haihusu unene. Mnene mfupi anachukua 58 akidhani ni kubwa, matokeo yake linafagia Mtaa wa Kongo. Mimi naishia kidole kimoja chini ya kifundo cha mguu. Ukishusha zaidi ya hapo, masika yatakushonea pindo la tope.

Ukishapimwa umesimama, bado hujapimwa. Fundi asipokusogeza, jisogeze mwenyewe.

Juu ya mlango wangu kuna bomba la chuma. Namwambia mteja: "Umesimama kwenye gari la Gongo la Mboto, konda anasema sogeeni nyuma. Shika bomba." Akilishika, naangalia mkono wa nguo umeteremka mpaka wapi na pindo limepanda kiasi gani. Ile mikono mipana ya kwenye picha, ukishika bomba inaanguka mpaka begani, na abiria aliyekaa anakusoma kwapa lote. Umefunika kichwa, umefunika miguu, umemfungulia mtu kwapa. Dawa yake ni mkono wa ndani mwembamba wenye mpira, au kishikizo cha kuubana chini ya kiwiko. Pindo nalo likipanda sana, ujue kwapa limekatwa vibaya na nguo nzima inafuata mkono. Hapo kinatakiwa kikwapa. Marehemu baba alikuwa fundi wa kanzu, neno hilo na kazi yake nimevirithi kwake: kipande kidogo kinachoingia chini ya mkono, kati ya mkono na ubavu, ili mkono upande peke yake na badani, yaani kiwiliwili cha nguo, ibaki chini. Mafundi vijana wanakiruka kwa kuwa kinakula muda. Mwambie wako akiweke. Akikuuliza kikwapa ni nini, chukua kitambaa chako uende.

Kisha inama kama unanyanyua ndoo, fundi akiwa mbele yako. Shingo ikifunguka, apunguze duara na kuweka kaba ngumu ndani, kile kipande cha kuzunguka shingo, isimame. Wa kanisani apige magoti na ainuke bila kushika kitu. Akishindwa kuinuka, gauni limebana magotini hata kama linafika chini. Mwisho kaa kwenye stuli, upimwe nyonga umekaa. Inchi moja mpaka mbili huongezeka hapo, ndizo zile zinazochanika kwenye harusi ya watu.

Bodaboda. Hapa sitanii. Baibui pana na gurudumu havipatani. Pindo likiingia kwenye mnyororo au spoksi, dereva hahisi kitu mpaka umeshavutwa. Vaa suruali au taiti ndani, panda kwa kupanua miguu kama wanavyopanda wengine, likusanye pindo lote mbele, ulifunge fundo juu ya goti au ulikalie. Anayepanda boda kila siku namwekea mpasuo wa pembeni wenye vifungo vya kubonyeza na kipande cha kitambaa nyuma yake. Ukipanda unafungua, ukishuka unafunga. Kuna shemeji alinilalamikia kwamba mpasuo si stara. Nikamuuliza mkewe anakwendaje kazini. Akanyamaza.

Siku ya kuchukua

Livae palepale. Toka nje, tembea mpaka barabarani urudi. Sitaki kusikia "limenipendeza, nitalijaribu nyumbani". Lifue peke yake mara ya kwanza, maji ya baridi, ligeuze nje ndani, lianike kivulini. Jua letu linageuza cheusi kuwa kahawia kabla ya Idi ya pili.

Na pini za mtandio usizibane kwa midomo huku unajitanda. Ukicheka au ukikohoa, pini inaingia kwenye njia ya hewa, na huko haitoki kwa kupigwa mgongo. Zichomeke begani kwenye nguo, au nunua zile sumaku za mtandio, Kariakoo zimejaa.

Ufundi kwangu ni 25,000, bitana unakuja nayo. Mpira wa mkononi ukilegea, rudi nikubadilishie. Huo silipishi.